"Hakiumi, kiache": uvimbe wa tezi za mate na maneno ya mtaani

Neno linalowachelewesha watu wengi ni hilo: "Hakiumi." Kivimbe kimetokeza mbele ya sikio au chini ya taya, kinateleza kidogo chini ya kidole, na mwenyewe anakunywa chai na chapati zake kama kawaida. Mwaka unapita, wa pili unapita, mtandio unafunika.

Kutouma hakuthibitishi chochote. Uvimbe usio wa saratani kwa kawaida hauumi, na saratani nyingi za tezi hizi huanza kimyakimya vilevile. Maumivu ya ghafla mara nyingi ni ya jiwe lililoziba njia ya mate: unatafuna embe bichi la chumvi na pilipili, taya linavimba papo hapo, baada ya saa chache limenywea.

"Ni matumbwitumbwi tu." Matumbwitumbwi huja na homa, na ndani ya wiki mbili huwa yamekwisha. Kilichokaa miezi kina jina lingine.

Kuna na wale wanaosikia neno uvimbe tu wakaanza kugawa viwanja. Taratibu! Takribani vivimbe 8 kati ya 10 vya tezi za mate huota kwenye tezi kubwa iliyo mbele ya sikio, na 8 kati ya 10 vya hapo si saratani. Ila kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo hofu inavyokuwa na sababu. Kwenye vile vitezi vidogo vya kaakaa na midomo, zaidi ya nusu huwa saratani. Kwa hiyo kinundu cha kaakaa kinachosingiziwa ugali wa moto ndicho mimi ningekiwahi kwanza. Na hata uvimbe "mwema" unaotokea zaidi, adenoma pleomofiki, ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani.

"Hiyo ni ya wavuta sigara." Sigara inahusishwa hasa na uvimbe wa Warthin, ambao si saratani. Wagonjwa wengi wa saratani ya tezi za mate hawajulikani walipoipatia.

"Ukichomwa sindano kinasambaa." Sindano ile nyembamba ya kuchukua chembe kusambaza saratani ni jambo la nadra mno. Cha kuogopa ni kutumbua, au kukatwa harakaharaka: gamba la uvimbe likipasuka, mabaki huota upya, safari hii vinundu vingi kwa pamoja.

"Upasuaji utakupinda uso." Hofu hii ina msingi. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita katikati ya tezi ya sikioni, na mpasuaji huitafuta kwanza kabla ya kukata kingine. Ulegevu wa wiki au miezi kadhaa hutokea, wa kudumu ni wa wachache uvimbe usipokuwa saratani. Lakini uso ukilegea kabla ya kisu, au uvimbe ukikua upesi na kugandamana na ngozi, hiyo ni dalili ya saratani.

"Ukipelekwa Ocean Road umekwisha." Wengi hupelekwa kwenye hospitali hiyo ya saratani ya Dar es Salaam baada ya upasuaji, wapigwe mionzi iue chembe zilizobaki. Hulala kitandani dakika chache, siku tano za wiki, kisha wanapanda gari kurudi nyumbani Mbagala au Tegeta, na chupa ya maji mkononi, maana mionzi hukausha mate.