Je, wajua kwa nini magazeti hayaachi kuandika "anadaiwa"?

Hivi mbona mtu anakamatwa Igoma mchana kweupe, mtaa mzima umeona, afu kesho gazeti linaandika "anadaiwa kuiba pikipiki"? Huku mtaani Mwanza anayedaiwa ni yule mwenye deni kwa Mangi, sasa huyu wa gazetini anadaiwa nini na anadaiwa na nani?

Hapo kwenye "na nani" ndo penyewe. Wa dukani kuna mtu anamdai hela, wa gazetini kuna mtu anadai kwamba jamaa kafanya kitu ila bado hakijathibitika. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Ndo maana akiwa polisi anaitwa mtuhumiwa, akishasomewa mashtaka anakuwa mshtakiwa, na mwandishi akijifanya hakimu akaandika "kaiba" afu mahakama ikamwachia, jamaa anaweza kulifungulia gazeti kesi ya kashfa, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inalitaja hilo.

Ila wengi wanadhani hilo neno ni kinga, yani ukishaliweka basi unaweza kumsema mtu chochote. Hapana bana. Uvumi wa kijiweni ukiuandika na "anadaiwa" mbele, bado wewe ndo umeusambaza. Kinachombeba mwandishi ni chanzo: kamanda wa polisi kasema, hati ya mashtaka inasema, shahidi kasema kizimbani. Mi nikiona "anadaiwa" halafu nasoma mpaka mwisho simuoni anayedai, habari hiyo naiweka pembeni.

Chukua habari za huku ziwani. Doria imekamata makokoro, zile nyavu haramu za kukokota, na sangara wachanga, chini ya sentimita 50, mwandishi yuko pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, anaona kwa macho nyavu zinachomwa moto. Makokoro hayo hayadaiwi kukamatwa, yamekamatwa, andika hivyo! Wanaume wawili waliokuwa kwenye mtumbwi wamekutwa na nyavu, hilo nalo kama umeliona liandike. Lakini kwamba wao ndo waliovua, au mzigo ni wa tajiri fulani aliyeko mjini, hapo sasa inaingia "wanadaiwa", na useme ni maofisa uvuvi ndo wanaodai. Habari moja, neno linakaa sehemu moja tu, sio kila mstari.

Maana kuna waandishi wanalimwaga kama chumvi. "Watu watatu wanadaiwa kufariki" wakati wameshazikwa jamani, na ndugu walishatoa kauli. Au "mvua inayodaiwa kunyesha jana" na mji mzima tulilowa, sasa mvua itamshtaki nani?

Kinachonichosha zaidi ni kichwa cha habari. Ndani mwandishi kajitahidi, anadaiwa, kwa mujibu wa polisi, uchunguzi unaendelea, vizuri kabisa, afu mhariri anakuja kubana maneno yaenee ukurasa wa mbele, inatoka AUA MKE KISA WIVU kwa herufi nyekundu. Na pale kwenye meza za magazeti mjini wengi tunasoma ukurasa wa mbele tu, tukisimama, bila kununua, afu tunaenda kusimulia kwenye daladala.