"Utafiti Umethibitisha": Majibu kwa Wanaoacha Dawa kwa Sababu ya Makala

Siku ya kliniki ya presha na kisukari haipiti bila mtu kuniwekea simu mezani. "Sista, hebu soma hapo. Utafiti umethibitisha." Nasoma huku namfunga mkanda wa kipimo mkononi. Mzee wa mwisho aliyefanya hivyo alisoma 204 kwa 118. Vidonge alikuwa ameviacha wiki sita nyuma, kwa sababu ya makala hiyohiyo iliyokuwa mezani, iliyodai kwamba watu walitumia tiba fulani na presha ikashuka. Maswali aliyoniuliza naulizwa kila mara, basi nayajibu hapa kwa pamoja.

Wanaposema utafiti una upendeleo, wana maana gani?

Ni kasoro katika namna utafiti ulivyopangwa, ulivyofanywa au ulivyotangazwa, inayosukuma majibu upande mmoja. Si lazima mtafiti awe mwongo. Mzani mbovu hauna nia mbaya na mtu, ila kila ukipima unakosea upande uleule. Wingi wa watu nao hautibu kasoro hiyo: ukipima watu elfu kumi kwa mzani mbovu, umepata makosa elfu kumi.

Lakini watu walitumia, presha ikashuka. Huo si ushahidi?

Ilishuka kuliko ya nani? Anzia hapo. Makala ya yule mzee haikuwa na kundi la pili hata moja. Presha hupanda na kushuka yenyewe, na watu huingizwa kwenye utafiti siku ambayo iko juu. Wapime tena baada ya wiki chache, wengi watakuwa wameshuka hata kama uliwapa maji. Halafu mtu akijua anafuatiliwa hupunguza chumvi, hulala mapema, hukumbuka dawa.

Tuliteremka naye hadi sehemu ya mbinu, ile inayoeleza utafiti ulifanywaje, ambayo watu huiruka. Palikuwa na sentensi moja fupi: washiriki waliendelea na dawa zao za kawaida. Aliisoma mara mbili. Wenzake wa kwenye makala walikuwa wanameza vidonge kila siku. Aliyeviacha ni yeye.

Kwa hiyo nikisoma utafiti mzuri naweza kuacha dawa?

Hapana.

Hata kama umetoka chuo kikuu?

Hapana. Zipo dawa za presha ambazo ukizikata ghafla presha hupaa, au moyo unaanza kusumbua. Dawa hubadilishwa na aliyekuandikia, ukiwa umekaa mbele yake na umepimwa.

Kulinganisha kwa haki kunafanyikaje?

Kwa kura, ili daktari asichague nani apewe nini. Mfano ninaoupenda ni wa Uingereza, uliochapishwa 1948, wa streptomaisini kwa kifua kikuu. Wagonjwa walikuwa 107, na kura zao zilifichwa kwenye bahasha zilizofungwa. Watu 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 wa kundi la dawa na 14 wa kundi la pili. Picha za eksirei zilisomwa na wataalamu wasiojua mgonjwa yupi yuko kundi gani, maana jicho linalotamani kuona nafuu huiona.

Sasa tazama hili. Katika wale 52 wa kitanda tu, 4 walipata nafuu kubwa kwenye eksirei. Wachukue hao wanne, wapige picha, wahoji, uwasahau wengine 48: tayari una makala kwamba kitanda kinatibu kifua kikuu. Nyingi mnazonitumia zimeundwa hivyo.

Si imekaguliwa na jarida kubwa?

Jarida la Lancet ni kubwa. Mwaka 1998 lilichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Watoto 12, bila kundi la kulinganisha. Dai kwamba watoto hao walifika hospitali kwa mfululizo wa kawaida, bila kuteuliwa, lilionekana baadaye kuwa si kweli, na jarida likaifuta makala mwaka 2010. Miaka 12! Wazazi waliokwisha kukataa chanjo hawakusubiri ifutwe.

Wataalamu wenyewe hukagua nini?

Mtandao wa Cochrane, wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hutumia kipimo kilichotoka 2019. Kinauliza kura ilipigwaje, watu walifuata walichopangiwa au la, waliotoweka ni wangapi, matokeo yalipimwaje, na kama kilichoripotiwa kimechaguliwa kwa kuwa kinapendeza. Hukumu ni tatu: hatari ndogo, kuna mashaka, hatari kubwa. Na kila tokeo huhukumiwa peke yake, kwa sababu kifo hakibishaniwi, lakini maumivu yanategemea sana mgonjwa anajua amepewa nini.

La waliotoweka shikeni hasa. Tuseme walianza 60 wakamaliza 41. Wale 19 wako wapi? Huenda ndio waliozidiwa.

Na dawa za hospitali je? Si zinapimwa na wanaoziuza?

Swali halali, na sitalikwepa. Mwaka 2008 wachunguzi walifuatilia tafiti 74 za dawa za sonona zilizosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Zenye majibu mazuri zilikuwa 38, zikachapishwa zote isipokuwa moja. Katika 36 zilizobaki, 22 hazikuchapishwa kabisa, na 11 ziliandikwa kana kwamba dawa imefaulu. Ni aibu.

Lakini hapo tunajifunza kuuliza maswali makali, siyo kutupa vidonge. Dawa za presha zimeulizwa maswali hayo. Utafiti mmoja uliotangazwa 1991, uliodhaminiwa na taasisi za umma za Marekani, uligawa kwa kura watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa ndani. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 36.

Najisikia vizuri. Nikiacha kidogo tu, nijaribu?

Hapana! Yule wa 204 kwa 118 naye alikuwa anajisikia vizuri, alikuja kwa miguu yake. Na kama umeshaacha, usingoje tarehe ya kliniki, njoo kesho. Uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu, ulimi ukiwa mzito, kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje kesho wala saa moja. Nenda hospitali dakika hiyo.

Makala zenu sizikatai. Leteni simu, tusome wote sehemu ya mbinu. Leteni na vidonge, ila cha asubuhi kiwe kimeshamezwa.