"Si Nilituma Kwenye Grupu?": Dhana Potofu Zinazoivuruga Timu ya Mradi

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa msimamizi wa mradi wa maji: "Lakini mimi nilituma kwenye grupu." Alikuwa na hasira kweli, na ninamwelewa. Tarehe ipo, saa ipo, tiki za bluu zipo. Ila mtaro ulikuwa umeshachimbwa upande wa barabara usiotakiwa, na mwenye kijiko, ile mashine ya kuchimbia, alikuwa ameshalipwa. Kazi yangu ni kukaa na timu za ujenzi pale mambo yanapokwama, na kauli hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno.

"Nimetuma kwenye grupu, kwa hiyo wote wanajua"

Hapana. Umetuma, na tunachoweza kuthibitisha ni hicho tu. Mica Endsley, mhandisi wa Marekani aliyefanya utafiti mwingi kwa marubani, mwaka 1995 aliueleza uelewa wa hali kwa ngazi tatu: kuona kinachoendelea, kuelewa kina maana gani kwa kazi yako, na kuona mapema kitakachofuata. Ujumbe wa grupu, hata usomwe na kila mtu, humfikisha mtu ngazi ya kwanza. Hizo mbili za juu ndizo zinazookoa pesa, na hakuna tiki ya kuzionyesha.

Jengo moja la ghorofa nne, slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili ilikuwa imwagwe Jumamosi. Ijumaa saa 11 jioni msanifu akatuma mchoro mpya: choo kimehamia upande wa pili wa nguzo, kama sentimita 80 hivi. Fundi bomba akaona, akaweka dole gumba. Fundi nondo akaona neno "choo", akapita, maana choo si kazi yake. Fomeni akafungua ule mchoro kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, vipimo havisomeki, akajiambia ataangalia asubuhi. Asubuhi mashine ya zege ilikuwa inazunguka tangu saa 12. Fundi bomba naye alikuwa na hakika kwamba fomeni atasimamisha zege hadi mabomba yahamishwe, kwa kuwa wote wameona.

Jumatatu nilimkuta kijana amepiga magoti juu ya slabu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, anatoboa zege la siku mbili. Nondo mbili zilikuwa zimeshakatwa, na mhandisi wa miundo akakataa kuipitisha kazi ile.

Nani alikosa taarifa pale? Hakuna. Kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani, na kila mmoja aliamini mwenzake anayo hiyo hiyo. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtu asiyejua, na anayejua kwamba hajui, atauliza. Anayeamini kwamba wote wanajua ataulizaje?

Na lile dole gumba, nawasihi, msilihesabu kuwa jibu. Laweza kuwa "nimeona", laweza kuwa "nimekubali", "nitafanya", au "asante kwa taarifa". Marubani wakipewa maelekezo na mwongozaji wa ndege huyarudia kwa sauti: kimo, uelekeo, namba ya njia. Hata kwetu saiti, penye ujenzi, hilo linawezekana kabisa. Badiliko lolote linalogusa kazi ya kesho lisemwe kwa mdomo, ana kwa ana au kwa simu, na anayelipokea alirudie kwa maneno yake akitaja litabadilisha nini kwenye kazi yake. "Sawa, choo kimehama" haitoshi. "Choo kimehama, kwa hiyo nahamisha matundu ya bomba leo usiku, usimwage mpaka nikupigie": hapo ngazi zote tatu zimo, na imechukua nusu dakika. Grupu libaki kwa kumbukumbu, na kwa picha za maendeleo ya kazi.

"Aliyenyamaza ameelewa"

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa umetanda na Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Ya KLM ilipoanza kukimbia, mhandisi wake wa ndege aliuliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Swali halikurudiwa. Ndege zikagongana, watu 583 wakafa.

Kwetu, kijana amelelewa asimbishie mkubwa. Akinyamaza mbele ya mhandisi, mara nyingi ni adabu tu. Ndiyo maana kwenye kila timu ninayokaa nayo naomba aanze aliye chini kabisa: aseme yeye anaona kazi iko wapi na nini kinamtia wasiwasi, kabla mkubwa hajatamka neno. Mkubwa akianza, wengine wote watairudia picha yake.

"Sisi tumezoeana, hatuna haja ya kuambiana"

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, na daktari anasema ni wapi anatarajia ugumu. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wale hawakuwa wageni kwenye kazi yao.

"Basi kila mtu ajue kila kitu"

Mtunza stoo hana shida na hesabu za mihimili. Anahitaji siku ya zege, ili saruji isikosekane. Picha ya pamoja inahusu pale kazi ya huyu inapokutana na ya yule. Ukimwagia wote kila kitu, ujumbe mmoja wa maana unazama chini ya mia mbili.

"Tuongeze vikao"

Kikao cha saa mbili kila Jumatatu, ambacho kila idara inasoma ripoti ya wiki iliyopita, kinazungumzia yaliyokwisha. Mimi nataka dakika kumi kila asubuhi, watu wamesimama, mchoro wa karatasi kubwa ukutani, na kila mmoja anaonyesha kwa kidole atakapokuwa leo na anamsubiri nani.

Ukitaka kupima timu yako, waite watu watatu mmoja mmoja, uwaulize swali lile lile. Jumanne ile, pale kwenye jengo la slabu iliyotobolewa, niliwauliza fomeni, fundi bomba na mtunza stoo: zege la ghorofa ya tatu ni lini? Mmoja akasema Alhamisi ya wiki ijayo, wa pili Jumamosi, wa tatu akasema mpaka saruji iletwe. Nikawaita wote chini ya ngazi. Walibishana kama dakika kumi, fomeni akampigia muuza saruji hapo hapo, kisha akachukua chaki na kuandika tarehe moja ukutani, kwa herufi kubwa.