Majivu ya Makaa ya Mawe Kando ya Mto Middle Fork: Maswali na Majibu Kuhusu Afya

Wakazi wa Vermilion, Illinois, walipinga nini hasa?

Mto Middle Fork wa Vermilion, mashariki mwa jimbo la Illinois nchini Marekani, uliingizwa mwaka 1989 katika orodha ya kitaifa ya mito inayohifadhiwa kwa uzuri wa mandhari yake, na ndio pekee wa jimbo hilo katika orodha hiyo. Kando yake palikuwa na kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, ambacho kilifanya kazi tangu miaka ya 1950 hadi 2011 na kuacha mabwawa matatu yenye takriban mita za ujazo milioni 2.5 za majivu. Kampuni ya Dynegy, iliyokuwa mmiliki wake, ilipendekeza majivu hayo yafunikwe na kuachwa papo hapo. Wakazi na watetezi wa mto walitaka yachimbuliwe na kuondolewa.

Majivu haya yana tofauti gani na ya kuni?

Makaa ya mawe huwa na chembechembe za metali na madini mengine ambazo haziungui. Yanapochomwa, kaboni hutoka kama hewa, na vilivyosalia hubaki katika majivu kwa kiwango kikubwa kuliko kile cha mwanzo: aseniki, risasi, seleni, boroni, manganizi na vinginevyo.

Humdhuru mtu kwa njia zipi?

Njia ya kuangaliwa kwanza ni maji ya kunywa. Aseniki inayonywewa kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ngozi na huweza kusababisha kansa ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu cha mkojo; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Majivu makavu yakipeperushwa, vumbi lake laini hufika ndani kabisa ya mapafu na kuwaathiri zaidi wenye pumu. Seleni nayo hujilimbikiza katika miili ya samaki, ambao huzaa vifaranga wenye kasoro.

Ni lazima isisitizwe kwamba kuchemsha maji, ambako huua vijidudu, hakuondoi metali hizi. Maji yakipungua kwa mvuke, zinazobaki huwa zimekolea zaidi.

Kwa nini kufunika hakukuwaridhisha wakazi?

Kifuniko huzuia mvua inayotoka juu, lakini sehemu ya majivu hayo imezama katika maji ya ardhini, ambayo hupita ndani yake kutoka ubavuni, huyeyusha sumu na kuelekea mtoni. Ni sawa na kuezeka upya nyumba ambayo sakafu yake imo majini. Zaidi ya hayo, mto huu hujipinda na kuhama, ukimomonyoa kingo zinazoyatenga maji na mabwawa. Hofu ya tuta kubomoka haikuwa ya kubuni: huko Kingston, Tennessee, tarehe 22 Desemba 2008, bwawa la majivu lilipasuka na kumwaga takriban mita za ujazo milioni 4. Kwa maoni yangu, hoja hii peke yake ilitosha kuamua shauri.

Je, maji ya rangi ya chungwa yanayochuruzika kingoni ndiyo sumu yenyewe?

Rangi hiyo hutokana hasa na chuma, ambacho si cha kutisha zaidi. Aseniki na boroni hazionekani kwa macho, kwa hiyo maji maangavu si ushahidi wa usalama.

Upinzani huo ulizaa nini?

Mwaka 2018 shirika la American Rivers liliutaja mto huu miongoni mwa mito iliyo hatarini zaidi nchini Marekani. Mwaka 2019 Illinois ilitunga sheria ya kudhibiti majivu, inayowapa wananchi nafasi ya kusikilizwa na kuwataka wamiliki waweke dhamana ya fedha za usafishaji. Mwaka 2021 yalifikiwa makubaliano ya kisheria ya kuyaondoa majivu kutoka kando ya mto.

Mwaka huohuo wa 2019, nchini Kenya, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, ambako wakazi pia walihofia majivu.

Mwenye kisima karibu na majivu afanye nini?

Apeleke maji maabara na aombe yapimwe metali, si vijidudu pekee. Boroni ipimwe pia, kwa kuwa husafiri upesi ardhini na mara nyingi hutangulia kuonyesha kwamba uvujaji umefika. Wakati anasubiri majibu, atumie maji ya chanzo kingine kwa kunywa na kupikia, na hasa kwa kukorogea maziwa ya mtoto.