Nakumbuka siku utakayozaliwa

Kwenye darasa langu la tafsiri, mwanafunzi mmoja alikuwa akihariri zoezi la mwenzake. Akafika kwenye "Nakumbuka utakapokuwa na miaka mitatu", akakata kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "ulipokuwa".

"Mwalimu, mtu anakumbukaje jambo ambalo bado?"

Nikamwambia hapo alipokata ndipo penye hadithi yenyewe.

Sentensi ya zoezi lile niliitunga mimi, kwa kuigiza mtindo wa hadithi iliyokipa jina kitabu cha Ted Chiang, "Stories of Your Life and Others". Ni mkusanyiko wa hadithi nane za kubuni za kisayansi, uliotoka 2002 na kutwaa tuzo ya Locus mwaka uliofuata. Baadhi ya hadithi zake zilikwishashinda Nebula na Hugo moja moja kabla ya hapo. Mwandishi ni Mmarekani aliyesomea kompyuta na kuendesha maisha kwa kuandika miongozo ya programu, na ukimsoma unaliona hilo: hapotezi neno.

Nyingine nazipenda pia, hasa ile ya mnara wa Babeli, ambamo kuudondosha mwiko wa kuashia ni msiba. Ila hii ya mama na bintiye ndiyo inayoninyima usingizi kama mfasiri. Louise, mtaalamu wa isimu, anaitwa kujifunza lugha ya viumbe wenye miguu saba waliotoka angani. Maandishi yao hayafuati mstari. Anayeandika huanza akiwa anaijua sentensi nzima, kwa kuwa mkwaruzo wa kwanza unapita katika sehemu nyingi za sentensi kwa mpigo. Louise akiizoea lugha hiyo, anaanza kukumbuka maisha ya mwanawe kabla hajamzaa, pamoja na kifo chake.

Fizikia inayoibeba hadithi ni kanuni ya Fermat: mwanga hufuata njia ya haraka zaidi. Mwone mtu ufukweni anayetaka kuiwahi ngalawa iliyo majini, upande wa kulia. Hanyooshi njia. Anakimbia zaidi mchangani, kwenye wepesi, ndipo anaingia majini. Mwanga nao hupinda hivyo hivyo ukiingia majini. Lakini mtu anaiona ngalawa; mwanga umeijuaje njia ya haraka kabla ya kujua unakokwenda? Mwanafizikia atakujibu kwa sababu na matokeo. Viumbe wale huanzia kwenye lengo.

(Kwamba lugha mpya inaweza kukubadilishia fikra kiasi hicho, sisi wa isimu hatukubali. Lakini ni hadithi, na nimeinunua bila kudai chenji.)

Sasa Kiswahili, maana hadithi hii naifasiri. Zile sehemu ambamo mama anazungumza na bintiye nimezifasiri bila "-ka-" hata moja. "Akaja, akala, akalala" inayapanga matukio kama shanga kwenye uzi, moja nyuma ya jingine, na kumbukumbu za Louise hazina uzi. Kwenye sehemu za wanajeshi na wanasayansi "-ka-" nimeiachia itambe.

Ya pili ni hiyo "utakapokuwa" iliyokatwa. Wakati ujao tunausema kwa "-ta-", lakini kirejeshi kama "-po-" au "-ye-" kikiingia, "-taka-" inajitokeza nzima: utakapokuja, atakayekuja, watakavyokuja. Ni kitenzi kile kile cha kutaka, kilichochakaa kwa matumizi. Ndiyo maana mawingu yakitanda twasema mvua inataka kunyesha, na hakuna anayedhani mvua ina hamu.

Hadithi inafunguka na kufungwa usiku ule ule: baba wa mtoto yuko karibu kumuuliza Louise swali, kama wapate mtoto, na Louise tayari anajua yote yatakayofuata. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "yuko karibu kuniuliza". Nimeifuta. Sasa inasema, "Baba yako anataka kuniuliza." Na jibu la Louise, ambalo lingeweza kuwa "ndiyo" tupu, nimeliandika "Nataka."