Matende: mnyoo hufa, ngozi huendelea kukakamaa

Bonyeza kwa kidole gumba mguu uliovimba, juu kidogo ya kifundo, hesabu hadi kumi, uachie. Pakibaki kishimo, chini yake bado ni maji. Kidole kikigonga kitu kigumu kama gome la mkorosho, ujue ngozi imebadilika kwa miaka.

Hapa Lindi na Mtwara wagonjwa huniuliza lini tutamtoa mnyoo mguuni. (Wale waliokwisha ambiwa wamekanyaga dawa ya mtu huja wamechelewa zaidi.) Mnyoo huyu, anayeenezwa na mbu, ni mwembamba kama uzi, jike hufika sentimita 8 hadi 10. Huishi miaka 6 hadi 8 ndani ya mirija ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Mirija hutanuka, vali zake, yaani vilango vinavyozuia maji yasirudi nyuma, hazifungi tena, na maji yenye protini hutuama kwenye ngozi.

Hapo ndipo tishu unganishi, ile inayoshikanisha sehemu za mwili, inapojibu. Seli ziitwazo fibroblasti kazi yake ni kufuma nyuzi za kolajeni zinazoshikilia ngozi na kuziba majeraha. Sasa hufuma tu, kana kwamba kuna kidonda kisichofunga. Kolajeni na mafuta hurundikana, ngozi hunenepa, mikunjo huzama, vinundu huota. Mnyoo huenda alishakufa zamani.

Kinachouharakisha mguu kuharibika ni bakteria. Huingia kwenye mipasuko ya katikati ya vidole, hasa kwa anayeshinda shambani na ndala au pekupeku. Ghafla homa na baridi, mguu unawaka, mtoki unauma kinenani. Kila shambulio huacha kovu jipya juu ya la zamani.

Kingatiba, yaani dawa wanazogawiwa watu wote kuzuia ugonjwa, ya ivermectin na albendazole huua vijiminyoo, watoto wa mnyoo huyo, vilivyo kwenye damu, ndiyo maana tunahimiza kila anayestahili ameze. Lakini haifumui kolajeni iliyokwisha fumwa. Mguu wenyewe unataka maji safi na sabuni, hata ile ya mche, kila siku. Osha bila kusugua kwa nguvu, kisha pitisha kitambaa kikavu kidole kwa kidole. Unyevu ukibaki pale, umeosha bure. Ukikaa au kulala, uinue mguu. Homa ikianza, wahi kituoni, usiuchanje.

Busha nalo hutokana na mnyoo huyo huyo, ila maji yake yamo kwenye kifuko cha korodani, na dawa yake ni upasuaji.