Deni la benki halikui milele

Nchini Kenya kuna imani ya miaka mingi kwamba ukishindwa kulipa mkopo wa benki, riba itapanda bila mwisho mpaka shamba, nyumba na hata urithi wa watoto vimezwe. Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini tangu tarehe 1 Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kimeweka ukomo.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme ulikopa shilingi 500,000, ukalipa kwa uaminifu mpaka deni la msingi likabaki 300,000, kisha biashara ikayumba na mkopo ukahesabiwa kuwa mbovu, kwa kawaida baada ya siku 90 bila malipo. Kuanzia hapo benki inaweza kudai zile 300,000, riba isiyozidi 300,000 nyingine, na gharama halali za kufuatilia deni. Basi.

Wapo wanaokosea upande wa pili, wakidhani hakuna anayeweza kulipa zaidi ya mara mbili ya alichokopa. Sivyo: riba uliyolipa mkopo ukiwa hai haihesabiwi kwenye ukomo huo. Na ukianza tena kulipa, kisha ukakwama upya, ukomo hupimwa kwa deni la msingi la wakati huo wa mwisho.

Kwa hiyo unapopewa taarifa ya deni, omba ionyeshe tarehe mkopo ulipoharibika na deni la msingi siku hiyo. Bila tarakimu hizo mbili, hata wakili hana pa kuanzia.